Aliyebadili Mpini Apewe Maua Yake

Katika orodha zote za wafadhili wa wanadamu sijaona jina la yule Mmarekani ambaye, siku moja katikati ya karne iliyopita, alifungua skrubu moja ya rivolva yake ya shabaha, akatoa vibao viwili vya mpini vilivyokuja nayo kutoka kiwandani, akavitia kwenye pipa la taka, kisha akafunga mpini mnene wa mti wa jozi uliochongwa kwa kipimo cha kiganja chake. Hakuandika tarehe. Hakuandika jina la mchongaji. Jina lake mwenyewe hakuliandika pia. Baadaye akafa, kama ilivyo ada, akawaachia warithi bastola isiyowatosha mikononi na maswali yasiyojibika. Makala haya ni ya kumshukuru.

Rivolva ninayoizungumzia ni ya Smith & Wesson, kampuni iliyokuwa na makao yake Springfield, Massachusetts. Mtutu ni wa inchi sita, silinda ya risasi sita, na kilengeo cha nyuma unaweza kukisogeza kwa bisibisi ndogo, juu au chini, kushoto au kulia. Haikutengenezwa kumtisha mtu. Ilitengenezwa ili bwana mmoja mwenye miwani asimame wima, anyooshe mkono mmoja, ashushe pumzi na kutoboa karatasi. Kampuni ilianza kuuza rivolva za kaliba ya .38 za umbo hilo mwaka 1899, toleo la shabaha likiwemo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaleta ya .22 iliyoitwa K-22 Outdoorsman, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaleta ukoo mzima wa Masterpiece. Wamarekani wakazibeba hadi Camp Perry, Ohio, kwenye mashindano ya taifa. Mikono ilipoanza kutetemeka wakazitia kwenye soksi, wakazisahau juu ya kabati.

Mtu asiye na shukrani atasema kwamba namba ipo, vitabu vya kiwanda vipo, na kujua mwaka wa bastola ni kazi ya dakika mbili. Huyo hakijui kiwanda. Kiwanda kilikuwa kimeshaweka msingi imara wa usumbufu, na mwenye mpini alikuja kupaua tu. Kabla ya vita, K-22 za wanamichezo zilipewa namba kutoka mfululizo uleule wa rivolva za .38 walizobeba polisi. Namba ilipigwa kwenye fremu, fremu ikaingia stoo, na fundi akachukua iliyokuwa karibu na mkono. Yenye namba ndogo iliweza kabisa kuondoka kiwandani baada ya yenye namba kubwa, tena kwa miezi mingi. Baada ya vita wakaanza mfululizo mpya wenye herufi K, ukianzia K101. Hapo mambo yangeweza kunyooka na kuharibu kila kitu, lakini kwa bahati nzuri wakazitia humo humo za .22, za .32 na za .38 bila kuzitenga.

Mwaka 1957 kampuni ikaacha majina ikashika tarakimu. K-22 ikawa Model 17, K-38 ikawa Model 14, K-32 ikawa Model 16. Tarakimu hizo zilipigwa ndani ya fremu, mahali ambapo huoni kitu mpaka ufungue silinda. Zikafuata nyongeza za kistari, -1, -2, -3, kila moja ikiwa na badiliko lake la kiufundi. Badiliko la -1 lilihusu uzi wa ule ufito wa kutolea maganda: ulikuwa unakazwa kwa kulia, ukawa unakazwa kwa kushoto. Ukiwa na mgeni asiyeaga, anzia hapo.

Sasa tumpishe mfadhili wetu.

Namba halisi ya rivolva hizi imepigwa chini ya kitako, kwenye chuma chenyewe. Mpini mwembamba wa kiwandani uliiacha wazi, unapindua bastola na kusoma. Mpini wa kuchonga unakumbatia kitako chote, chini na pembeni, kwa hiyo mrithi anapopindua bastola anakutana na mti uliong'arishwa vizuri. Hakati tamaa. Anafungua silinda, anachungulia pale kwenye bawaba, anakuta tarakimu kadhaa ndogo. Anazinakili kwenye bahasha kwa mwandiko wa uangalifu na kumpelekea mpwa wake anayejua mambo ya zamani. Tarakimu hizo ni za karakana tu. Mafundi walizipiga ili vipande vya bastola moja vikienda kusuguliwa virudiane bila kupotezana, na hazina undugu wowote na mwaka. Mpwa anazitafuta kwenye majedwali ya namba, anazipata, kwa sababu kila namba inapatikana mahali fulani ukiitafuta kwa moyo, kisha anajibu kwamba bastola ilitengenezwa miaka mingi kabla ya aina yake kubuniwa. Familia nzima inafurahi. Nani mwingine angewapa furaha hiyo?

Colt, washindani wao wa Hartford, Connecticut, walikosa ukarimu huu. Wao walipiga namba kwenye fremu, chini ya mkono unaoshikilia silinda, mahali ambapo hata uvalishe mpini wa ukubwa gani hauwezi kuifikia. Unafungua, unasoma, unafunga. Ndiyo maana watu wa Colt wana muda mwingi wa kubishana juu ya silinda yao inayozunguka kwenda kulia wakati ya Smith & Wesson inakwenda kushoto.

Kuna njia nyingine ya kukisia umri, nayo ni kuhesabu skrubu. Bamba la ubavuni lilifungwa kwa skrubu nne, na ya tano ilikaa mbele ya kikingio cha kifyatulio. Katikati ya miaka ya 1950 ile ya juu ya bamba ikaondolewa, zikabaki nne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ya kikingio nayo ikaondolewa, zikabaki tatu. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuifanya hesabu hiyo. Lakini mojawapo ya skrubu za bamba hukaa nyuma, chini ya kibao cha kulia, na chini ya mpini mnene haionekani hata nukta. Kwa hiyo bastola ya mwaka 1950 yenye skrubu tano inahesabiwa nne na kupunguziwa umri. Nawajua wanawake wangapi ambao wangependa kuipata huduma hiyo!

Kinachobaki ni kufungua mpini, na hapa lazima niseme jambo la kweli bila utani: kwanza hakikisha silinda ni tupu, ukaguzi wa macho na wa kidole. Ukishafanya hivyo, furaha inarudi. Skrubu ya mpini haijaguswa kwa miaka 60. Bisibisi ya jikoni ina ncha nene kuliko mfuo wake, inateleza, na mfuo unakuwa shimo. Wajuzi husema ulegeze skrubu mizunguko michache bila kuitoa, kisha uigonge kichwani taratibu kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, na kibao cha upande wa pili kitaachia chenyewe. Ushauri huu ni mzuri na haufuatwi. Watu huchukua kisu cha siagi na kubenjua. Kila mpini wa zamani wenye jeraha dogo la mwezi mwandamo ukingoni umeshapitia mikono ya mtu aliyetaka kujua mwaka.

Chini ya mpini kuna nini? Kutu kidogo, pale jasho la mshindani lilipojificha. Vumbi la mti. Na ukiwa na bahati, namba halisi chini ya kitako, pengine na kinyota kidogo pembeni yake, na juu zaidi, kwenye chuma cha ubavuni, tarakimu chache zilizopigwa kwa mkono, tuseme 6.58. Mrithi anapiga kelele nyumba nzima isikie: Juni 1958! Amepata tarehe! Amepata, ila ni tarehe ya bastola kurudi kiwandani kukarabatiwa au kupakwa upya rangi ya chuma. Kinyota nacho kinasema hivyo hivyo, kwamba ilishawahi kurudi. Bastola ilizaliwa kabla, miaka mingapi kabla haijulikani, lakini mwezi wa matibabu yake tunaufahamu kabisa.

Nimeacha kwa makusudi jambo linalomfanya mfadhili wetu astahili sanamu. Katika miaka hiyo vibao vya mpini vilisawazishwa na fremu moja tu, mti na chuma vikasuguliwa pamoja mpaka kidole kisihisi ukingo. Ili visichanganywe na vya bastola nyingine, fundi aliandika namba ya bastola upande wa ndani wa kibao cha kulia, kwa muhuri au kwa penseli. Mti unaofunguka kwa skrubu moja ulikuwa na namba kamili. Hata vibao visivyosomeka namba vilikuwa na neno la kusema, kwani mpaka karibu mwaka 1968 vile vilivyochanjwa mikato ya kukatizana viliachiwa umbo la almasi la mti laini kuzunguka tundu la skrubu, na baada ya hapo almasi ikatoweka. Ukiona almasi, ushaondoa nusu ya mjadala.

Basi mtu huyu, kati ya vipande vyote vya bastola, akachagua kutupa hicho. Angeweza kutupa kilengeo cha mbele. Angeweza kupoteza skrubu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipande kilichoandikwa.

Haki itendeke: hakufanya kwa ubaya. Mpini wa kiwandani wa enzi hizo ulikuwa mwembamba na ulianza chini mno, ukaacha pengo nyuma ya kikingio cha kifyatulio. Kidole cha kati kiligongwa na chuma kila risasi, na bastola ikajisogeza kiganjani. Walter Roper, aliyewahi kufanya kazi Smith & Wesson, aliliona hilo, akaanza kuuza mipini yake mwenyewe iliyojaza pengo na kupanda juu hadi kwenye kiganja. Alikuwa sahihi, nadhani mshindani yeyote aliyeshika mpini wake angekiri. Kampuni yenyewe ikaja na mpini wake mpana zaidi, Magna, katika miaka ya 1930, na mingine mikubwa ya shabaha baada ya vita. Herrett wa Twin Falls, Idaho, akachonga kwa oda, mteja anaweka mkono wake juu ya karatasi, anauchora kwa penseli, anautia kwenye bahasha. Pachmayr wa Los Angeles akaleta mpira mweusi usioteleza na usiopendeza. Kila mmoja aliboresha alama za wateja wake, na kila mmoja aliacha nyuma yake pipa la taka lililojaa vibao vyenye namba.

Tatizo ni kwamba mipini mingi ya kuchongwa kwa mkono haina alama ya mchongaji. Lingekuwa tatizo kwa watu wengine. Kwa wakusanyaji ni karamu. Mpini wowote mnene wa jozi, wenye mahali pa kidole gumba, ukikaa juu ya meza ya muuzaji huanza kuitwa Roper ndani ya robo saa, na bei inapanda pamoja na jina. Wazee wenye kofia za besiboli huuzunguka wakibishana kama baraza la mwezi kuandama, huyu ameuona, huyu hakuuona, mwingine anasema alimwona mtu aliyeuona. Kwa hesabu ya mipini inayouzwa kwa jina lake, marehemu Roper angali anachonga kwa bidii ya kutisha, na juzi juzi ameongeza kasi.

Kuna wengine waliotupa jozi wakaweka pembe. Jenerali George Patton alizunguka Ulaya na rivolva zenye mipini ya pembe za ndovu, na picha zake zikawatia watu wengi tamaa. Hapa sisi wa pwani tuna la kusema. Miji ya Ivoryton na Deep River, Connecticut, jimbo lilelile la Colt, iliishi kwa kukata pembe kuwa vitufe vya piano, na pembe nyingi zilizofika huko katika karne ya 19 zilipitia Unguja, zikiwa zimebebwa begani kutoka bara. Sina haja ya kudai kwamba kipande fulani cha mpini kimetoka Tabora. Lakini mtu akikuonyesha mpini wa pembe wa zamani na kukuuliza una umri gani, una haki ya kumuuliza yeye ni ndovu yupi aliyekufa.

Sheria nayo inataka mwaka, jambo linaloongeza utamu. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa kuwa ya kale na huepuka masharti mengi ya shirikisho. Ya mwaka 1899 haiepuki. Iliyotimiza miaka 50 tangu itengenezwe huingia kwenye kundi la vitu vya wakusanyaji wenye leseni yao maalumu. Angalia neno linalotumika: iliyotengenezwa. Kwetu Afrika Mashariki silaha ya marehemu ni suala la kituo cha polisi, inakabidhiwa na mjadala unakwisha, na ndiyo sababu hatujapata raha ya kukaa usiku kucha tukitafuta mwaka.

Mwenye subira na pesa kidogo hatimaye huomba barua. Kwa miongo mingi Roy Jinks, mwanahistoria wa Smith & Wesson, alifungua vitabu vya kiwanda na kuwajibu watu mmoja mmoja, na sasa kazi hiyo iko chini ya taasisi ya kihistoria ya kampuni. Unatuma namba, picha na ada, unasubiri. Barua inakuja kwenye karatasi nzuri. Inakueleza historia ya kampuni tangu akina Horace Smith na Daniel Wesson, kwa kirefu. Kisha, karibu na mwisho, inakuambia siku ambayo bastola yako ilisafirishwa kutoka kiwandani, na duka la vifaa lililoipokea.

Ilisafirishwa. Ilitengenezwa lini, kitabu hakisemi, kwa kuwa bastola iliweza kukaa stoo muda mrefu ikingojea mteja. Na barua haiishii hapo. Inaorodhesha jinsi ilivyoondoka: mtutu wa inchi sita, rangi ya buluu, vilengeo vya shabaha, na mpini wa jozi uliochanjwa mikato. Mrithi aliyelipa ada anasoma kwa sauti maelezo rasmi ya kitu kilichotupwa kabla hajazaliwa.

Wapo wanaojaribu kutibu hali hii. Wanakwenda kwenye maonyesho ya silaha wakinunua vibao vya zamani, vya enzi ileile, vyenye almasi, na kuvifunga kwenye bastola yao ili ionekane kama ilivyotoka kiwandani. Ndani ya kibao cha kulia kuna namba, ya bastola nyingine kabisa. Mtu wa tatu akija kuifungua baada ya miaka 30 atakuta namba mbili, ya chuma na ya mti, na ataamini ile anayoipenda zaidi. Huo nauhesabu kuwa mchango wa heshima, lakini ni wa wanafunzi. Mwalimu ni yule aliyetupa.

Nina ombi moja, hasa kwa ndugu zetu waliooa au kuolewa huko Ohio, Texas na kwingineko, ambao siku moja baba mkwe atawaachia rivolva ya shabaha yenye mpini wa ajabu. Msipige picha ya chini ya kitako. Msihesabu skrubu mpini ukiwa umefunguliwa. Msimuulize mama mkwe, angali hai, mzee aliinunua wapi na nani alimchongea, kwa sababu anakumbuka na atawaambia. Na ikitokea, katika kusafisha gereji, mkakuta kwenye kopo la biskuti vibao viwili vya jozi vyenye nembo ndogo ya kampuni, msivigeuze. Mkishavigeuza na mkakuta namba ileile iliyo kwenye bastola, tafadhali sana, msimwambie mtu.